Yupo Shuleni, Lakini Nani Anamwona?

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaagiza kila shule ya Tanzania Bara iwe na daftari la kuandikia adhabu hiyo. Anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi. Viboko visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina mwalimu wa kike. Na kila tukio liandikwe.

Kanuni hizo zinajulikana zaidi kwa kuvunjwa kuliko kufuatwa, na nitazigusa tena hapo mbele. Kwanza nataka kulitazama lile daftari. Shule ya msingi ni mahali pa kuandikaandika sana: mahudhurio, alama za majaribio, idadi ya madawati, matundu ya vyoo, vitabu vilivyopokelewa, adhabu zilizotolewa. Mtoto huingia katika maandishi hayo akikosa kufika, akifeli au akikosea. Akiwa yupo, akapata alama za wastani na hana ugomvi na mtu, hakuna karatasi inayoeleza hali yake, hata kama usiku uliopita amelala kwa jirani kwa sababu nyumbani hapakukalika.

Siku hizi likizungumzwa suala la hisia za watoto shuleni, watu hukimbilia kuhesabu wataalamu. Tuna wanasaikolojia wangapi? Chumba cha unasihi kiko wapi? Dawati la ulinzi wa mtoto limezinduliwa lini? Ni maswali ya haki, ila naona yanaanza mwisho. Kinachomjenga au kumvunja mtoto wa miaka minane ni siku yenyewe ya shule, tangu anapovuka geti hadi kengele ya kutokea. Tena habari za mtoto aliye taabani huwa tayari zimo shuleni, zimetawanyika kwa watu ambao hakuna anayewauliza. Mpishi wa uji anamjua anayeomba kuongezewa ili ampelekee mdogo wake. Mama anayeuza visheti na ubuyu nje ya geti anamjua aliyekuwa na hela ya kununua kila siku na sasa anapita akiangalia chini. Mlinzi anamjua anayefika kabla jua halijachomoza na jioni hataki kuondoka. Aliyekaa naye dawati moja anajua karibu kila kitu. Kati ya hao wote hakuna anayeingia kwenye kikao cha walimu.

Kuiona shule kama jumuiya si jambo geni kwetu. Mwalimu Nyerere alilitetea katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967: shule iwe jumuiya yenye shamba au karakana yake, wanafunzi wafanye kazi na washiriki kuamua mambo yanayowahusu. Miaka iliyofuata shule zikapata mashamba, mabanda ya kuku na mabaraza ya wanafunzi. Ukitazama kilichosalia leo, utaona kazi imebaki na uamuzi umepotea. Mtoto anafagia uwanja, anamwagilia bustani, anabeba dumu la maji kutoka nyumbani, lakini haulizwi chochote kuhusu namna hayo yanavyopangwa. Kisha kazi ile ile iliyokusudiwa kumpa heshima imegeuzwa adhabu: aliyechelewa anang'oa visiki, aliyepiga kelele anaosha choo. Sijui tulitegemea mtoto ajifunze nini kuhusu jembe kwa njia hiyo.

Hata hivyo jumuiya hiyo haijafa, na mwandishi anayeisawiri shule ya serikali kama jehanamu tupu atakuwa hajakaa uwanjani wakati wa mapumziko. Kuna mdako chini ya mwembe, rede, kuruka kamba, kwaya inayojiandaa kumpokea mgeni. Kuna UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ambapo mtoto asiyewahi kupata hata nusu ya alama za Hisabati huvaa jezi ya wilaya na kusafiri na wenzake. Mtoto mgeni aliyehamia kutoka mkoa mwingine, lafudhi yake ikichekwa darasani, mara nyingi hukubaliwa kwanza uwanjani. Shule inayofuta kipindi cha michezo ili kupata muda wa mazoezi ya mitihani inajinyima mlango huo, na haijui imejinyima nini, kwa sababu hilo nalo haliandikwi popote.

Tatizo la kwanza la kumwona mtoto ni wingi. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya kwanza yalifurika. Lilikuwa jambo la haki. Waliofurika ni watoto ambao vinginevyo wangebaki nyumbani au machungani. Sera inataka wanafunzi 45 kwa darasa la msingi. Katika shule nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam, na katika wilaya za vijijini zenye walimu wachache, idadi hiyo hupita mara mbili bila mtu kushangaa. Mwalimu mwenye watoto 120 anaweza kuyajua majina yao yote ifikapo Mei. Kugundua kwamba mmoja wao ameacha kucheka ni kazi nyingine kabisa. Penye uhaba wa vyumba watoto husoma kwa zamu mbili, na wa zamu ya mchana hushinda asubuhi nzima bila mtu mzima, kwa kuwa mzazi ameshaondoka sokoni au kiwandani.

Kwenye wingi huo ndipo fimbo inapopata utetezi wake. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na takriban nusu walitaja kupigwa na walimu. Kuna takwimu nyingine katika utafiti huo ambayo hutajwa kidogo, nami naiona nzito zaidi kwa hoja yangu. Kati ya waliofanyiwa ukatili wa kingono utotoni, takriban nusu tu ya wasichana waliwahi kumweleza mtu yeyote. Kwa wavulana ilikuwa kama theluthi moja. Mtoto anayechapwa kwa sababu amechelewa anajifunza haraka kwamba kueleza sababu ya kuchelewa ni kujitetea, na kujitetea ni kuongezewa fimbo. Kesho akiwa na jambo kubwa la kueleza, atalibeba mwenyewe.

Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu aliyempiga. Nchi nzima ililaani. Lakini kilio kile kilielekezwa kwa mtu mmoja aliyevuka mpaka, na mpaka wenyewe ukaachwa pale pale. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya mwili pamoja na unyanyasaji wa kiakili. Uganda ilikataza kwa waraka wa wizara, kisha kwa sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016. Tanzania Bara bado inaruhusu. Anayedhani sheria ingemaliza kazi aulize Wakenya na Waganda: watoto wameendelea kuchapwa katika nchi zote mbili. Anayedhani sheria haina maana naye amekosea, kwa sababu mahali ambapo fimbo ni halali, mzazi anayelalamika huonekana ndiye mkorofi.

Mfano wa Uganda unastahili kutazamwa kwa karibu. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitunga utaratibu uitwao Good School Toolkit, ukajaribiwa katika shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero: nusu ziliufuata, nusu zilisubiri. Haukuwa mpango wa kuleta wataalamu. Walimu, wanafunzi, uongozi wa shule na wazazi walichagua wenyewe shughuli za kubadili maisha ya shule, kwa mfano kukubaliana kanuni za darasa na kuwapa watoto nafasi ya kusikilizwa juu ya nidhamu yao wenyewe. Baada ya miezi 18, matokeo yaliyochapishwa na jarida la Lancet Global Health mwaka 2015 yalionyesha kwamba asilimia 31 ya watoto wa shule zilizofuata utaratibu huo walisema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyotangulia. Katika shule nyingine walikuwa karibu asilimia 49.

Anayetaka kuwa mkweli asiishie kwenye tarakimu inayofurahisha. Asilimia 31 kwa wiki moja bado ni watoto wengi mno. Isitoshe, watoto wa shule zile walisema wanajisikia salama na vizuri zaidi shuleni, lakini vipimo vya afya ya akili havikuonyesha tofauti ya maana, na alama za masomo hazikupanda. Yaani kuondoa maumivu kunamfanya mtoto aipende shule, lakini hakumwondolei huzuni aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Halafu watafiti walipowauliza watoto maswali, walikuta zaidi ya 400 walio katika hali iliyolazimu wapelekwe kwa watu wa ulinzi wa mtoto. Watoto hao walikuwa wakiketi darasani siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, na baada ya kuuliza, mtu wa kupokea.

Huzuni inayotoka nyumbani tuliwahi kuifanyia kazi hapa hapa kwetu, ingawa tunaikumbuka kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ukimwi ukiwa umeacha yatima wengi Kagera, mradi wa Humuliza ulianzishwa Nshamba, wilayani Muleba. Walezi na walimu walifundishwa namna ya kuzungumza na mtoto aliyefiwa, jambo ambalo desturi nyingi zetu hukwepa: mtoto huambiwa baba amesafiri, anatolewa nje wakati wa matanga, kisha watu wanamshangaa akianza kugombana au kulala darasani. Kutokana na mradi huo yatima wenyewe walianzisha chama chao, Vijana Simama Imara, wakatembeleana, wakaweka akiba, wakasimamiana. Baadaye ukaja mpango wa Kwa Wazee, uliowapa mabibi wanaolea wajukuu kiasi kidogo cha fedha kila mwezi. Mawazo ya Nshamba yalichangia kuzaliwa kwa mtandao wa REPSSI unaofanya kazi ya kuwaunga mkono watoto kihisia katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Ninachokipenda katika historia hiyo ni mpangilio wake. Kwanza waliwafundisha wakubwa kusema. Kisha wakawaachia watoto wajipange. Halafu wakaona kwamba bibi asiye na sabuni wala chumvi hawezi kuwa mfariji wa mtu.

Jambo hilo la mwisho linaturudisha kwenye uji. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za serikali, baada ya watoto kufukuzwa madarasani kwa sababu ya wazazi wao kutolipa. Agizo lilikuwa na huruma ndani yake, kwani hakuna aibu inayomkaa mtoto kama kuitwa jina mbele ya wenzake kwa deni la nyumbani. Lakini shule nyingi zilikuwa zinapika kwa michango hiyo hiyo, na masufuria yakakaa. Mwaka 2021 serikali ilitoa mwongozo wa chakula na lishe kwa wanafunzi, wazazi wakahimizwa kuchangia kwa makubaliano. Sasa katika baadhi ya shule liko jambo ambalo laiti kamati zingelijadili kwa uzito: waliochangia wanapanga foleni na vikombe, wasiochangia wanaambiwa wabaki darasani. Wanasikia vikombe. Kiuchumi utaratibu huo unaeleweka. Kwa mtoto wa darasa la pili ni somo la kila siku, saa nne asubuhi, kwamba yeye si mwenzao. Vijiji vilivyoamua kuchangia mahindi kwa debe, na kaya zisizo na uwezo kubebwa na wengine bila kutangazwa, vimetibu kidonda ambacho mnasihi hawezi kukitibu kwa maneno.

Aibu nyingine inatokana na namba. Mtoto wa Kitanzania hupewa nafasi yake darasani tangu darasa la kwanza, na siku ya kufunga shule majina husomwa hadi anayeshika mkia. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora kitaifa, likisema halioni tija. Wengi walilalamika. Mimi naona Baraza lilifanya vyema, ila uamuzi haukushuka chini: ukutani kwenye shule nyingi orodha bado imebandikwa, na makambi ya darasa la nne na la saba bado yanalaza watoto shuleni majuma kabla ya mtihani.

Hofu ya mitihani ndiyo iliyojaza hata mabweni. Tarehe 1 Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa Waraka Namba 2 unaokataza huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa maelezo kwamba wanahitaji kulelewa na familia zao. Wenye shule binafsi walilia hasara. Wazazi wa mjini wakauliza mtoto ataamka saa kumi usiku kusubiri basi la shule mpaka lini. Swali lao lina uzito: mtoto anayetoka alfajiri na kurudi magharibi hana tofauti kubwa na wa bweni, tofauti ni kwamba analala nyumbani. Wapo pia ambao bweni ni ngao yao. Watoto wenye ualbino waliopelekwa Buhangija, Shinyanga, na Mitindo, Misungwi, wakati wa mauaji ya wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa, walinusurika. Baadhi yao walikua bila kutembelewa na ndugu, na ulinzi wa kuta ukawa ndio malezi.

Serikali haijakaa kimya. Sheria ya Mtoto ipo tangu 2009. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, uliunda kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Shule zimetakiwa kuwa na madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto, na namba 116 inapigwa bure. Ila mtoto wa darasa la tatu hana simu. Simu ni ya baba, na pengine baba ndiye anayeogopwa. Dawati nalo huwa ni mwalimu aliyeongezewa jukumu bila kupunguziwa vipindi, na mara nyingine ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu. Mtoto atamweleza saa ngapi, na kwa moyo upi, mtu aliyemwona jana ameshika fimbo?

Mwalimu mwenyewe hana wa kumwona. Anaishi mbali na shule kwa kukosa nyumba, amepangiwa mkoa ambao mwenzi wake hayupo, mshahara unakatwa na mkopo, mwingine amejifunga kwenye mikopo ile inayoitwa kausha damu. Wathibiti ubora wakifika wanadai azimio la kazi na andalio la somo. Nimezungumza na walimu wengi waliokiri kwamba siku wanazochapa sana ni siku zao mbaya, wala hazihusiani na makosa ya watoto. Mpango wowote wa hisia za watoto usiomgusa mwalimu utaishia kwenye bango.

Wazazi nao huitwa shuleni kwa ajili ya mchango, matokeo, au mtoto akiwa amefanya kosa. Mkutano wa wazazi unaweza kwenda saa tatu bila mtu kutaja jina la mtoto hata mmoja. Kamati ya shule, ambayo kisheria ndiyo daraja kati ya kijiji na shule, hutumia muda wake kwenye mabati na madawati. Siilaumu, mvua ikinyesha darasani hakuna wa kuzungumzia hisia. Lakini kamati hiyo hiyo inakaa na mpishi, mlinzi na mama wa visheti mtaa mmoja.

Kinachowezekana kesho, bila sheria mpya na bila fedha ya wafadhili, ni kidogo lakini kina mipaka inayoeleweka. Dawati apewe mwalimu anayependwa na watoto, awe si wa nidhamu, apunguziwe vipindi vinne au vitano kwa wiki na saa hizo ziandikwe kwenye ratiba ya shule ili asiitwe kusimamia darasa la mtu mwingine. Kila Ijumaa apite kwa mpishi, kwa mlinzi, kwa viranja na getini, aulize swali moja: nani amebadilika? Majina matatu yakijirudia, aende nyumbani kwao pamoja na mjumbe mmoja wa kamati, asiende na barua ya kosa. Kazi za usafi zitolewe kabisa kwenye orodha ya adhabu. Uji wanywe wote, na wasioweza kuchangia wabebwe kwa siri ya kamati. Na Afisa Elimu Kata anapokusanya taarifa za mwezi, baada ya mahudhurio na matundu ya vyoo, aulize mwalimu wa dawati amezitembelea kaya ngapi, na zipi zilihitaji afisa ustawi wa jamii ambaye hakufika.